Ploti Moja, Hesabu Nne: Maswali Yenu Kuhusu Ajira na Uchumi

Barua za mwezi huu karibu zote ni za kazi: nani anayo, nani hana, na ni mwanasiasa yupi anatupiga chenga. Tumezijibu tulivyoweza. Ya kwanza imechukua nafasi kubwa kwa sababu nyingine nyingi zinaisubiri hiyo.

*Kwa kinyozi wetu hapa Umoja ubishi hauishi. Jamaa wa upande wa Serikali anasema wasio na kazi Kenya ni asilimia 5 tu. Wa upinzani anasema ni asilimia 67. Mwenye kinyozi amechoka, ametuambia tumwandikie mhariri. Nani mwongo?*
*Msomaji, Umoja*

Mwambieni mwenye kinyozi kwamba hapo hamna mwongo. Mna watu wawili wanaojibu maswali tofauti, kila mmoja akidhani mwenzake kaulizwa lile lake.

Anzeni na jinsi hesabu inavyofanywa. Mdadisi wa Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, akibisha mlangoni haulizi, "Je, una kazi?" Angeuliza hivyo, nusu ya Eastlands ingejibu "sina", na wengi wao wangejibu wakiwa wanamenya maharagwe ya kuuza. Anauliza hivi: katika siku saba zilizopita, ulifanya kazi yoyote ya malipo au ya faida, hata kwa saa moja? Ukijibu ndiyo, umeshaingia upande wa wenye kazi. Ukijibu hapana, anataka kujua kama una kazi ila ulikuwa likizo au mgonjwa. Kama huna, anaendelea: katika wiki nne zilizopita, umefanya lolote kutafuta kazi? Je, ukiipata leo unaweza kuanza ndani ya wiki mbili? Anayeitwa "asiye na ajira" ni yule tu ambaye hakufanya kazi, alitafuta, na yuko tayari kuanza. Akikosa sharti moja, hayumo.

Hiki si kipimo kilichopikwa Nairobi. Ni cha Shirika la Kazi Duniani. Kilipitishwa 1982, kikafanyiwa marekebisho 2013. Kwa hiyo anayesema Serikali ya leo ndiyo iliyobuni saa moja ili ijipake mafuta amekosea, maana saa moja ilikuwapo tangu enzi za Moi. Marekebisho ya 2013 kwa kweli yalikaza kamba: anayelima mahindi ya kula nyumbani tu hahesabiwi tena kuwa na ajira, ingawa anavunjika mgongo kutwa.

Sasa chukueni ploti moja ya Kayole, ya kubuni, yenye watu 20 wa umri wa miaka 15 hadi 64. Watatu wana mshahara wa mwisho wa mwezi: mlinzi, nesi na karani. Wanane wako jua kali, yaani kazi zisizo rasmi: mama mboga wawili, mama fua wawili, wa boda, fundi viatu, wa mitumba, na kijana aliyeosha matatu moja Jumamosi akapewa Sh200, basi. Mmoja ana diploma, na wiki iliyopita alipeleka barua za maombi Industrial Area. Watatu wanataka kazi lakini wameacha kutafuta, nauli imewashinda. Watano waliobaki hawatafuti wala hawako tayari: wanafunzi watatu, mama wa mtoto mchanga, na mgonjwa.

Hesabu ya kwanza ni ile kali. Nguvukazi ni wenye kazi 11 na mtafutaji mmoja, jumla 12. Asiye na ajira ni mmoja kati ya 12, asilimia 8.3. Hesabu ya pili inawarudisha ndani wale watatu waliokata tamaa: wanne kati ya 15, asilimia 26.7. Ya tatu inahesabu kila mtu mzima asiyefanya kazi, awe anataka au hataki: tisa kati ya 20, asilimia 45. Ya nne inauliza ni nani hana ajira rasmi: 17 kati ya 20, asilimia 85.

Ploti ni ile ile, choo ni kile kile, na kodi inalipwa kwa landlodi yule yule, lakini mwanasiasa anaweza kutoka pale na 8 au na 85, na yote mawili akaapa nayo.

Turudi kwenye kinyozi. Ile 5 inatokana na uchunguzi wa nguvukazi wa KNBS, hesabu ya kwanza, watu wa miaka 15 hadi 64. Robo ya mwisho ya 2022 ilikuwa asilimia 4.9. Msiidharau kabisa, kwa maana kipimo hicho husogea hali ikiwa mbaya: robo ya kwanza ya 2020 kilisoma 5.2, na robo iliyofuata, Covid ilipofunga hoteli na shule, kikaruka hadi 10.4. Kabla ya hapo, uchunguzi mkubwa wa kaya wa 2015/16 ulitoa 7.4.

Ile 67 inatajwa na Shirikisho la Waajiri Kenya, FKE, na ni ya vijana wa miaka 15 hadi 34. Shirikisho hilo hilo linataja kiwango cha nchi nzima kuwa 12.7. Jamaa wa upinzani ameiacha hiyo ya pili nyumbani. Na hata bila kumwamini mtu yeyote, kalamu tu inatosha: vijana wangekuwa hata thuluthi moja ya nguvukazi, 67 yao peke yake ingevuta kiwango cha nchi kupita 22. Haiwezekani basi kwamba 67 na 12.7 zimepimwa kwa ufito mmoja. Ile 67 inafanana zaidi na hesabu ya tatu au ya nne ya ploti yetu. Kuna na 40, ambayo kwa miaka mingi ilikaa kwenye kitabu cha nchi za dunia cha shirika la ujasusi la Marekani, CIA, na wanasiasa wa vyama vyote wakaizoea kama wimbo wa shule.

Maoni yetu, kwa kuwa mmetuandikia: kwa mji kama Nairobi, hesabu ya pili ndiyo inayosema jambo. Ile ya kwanza ilibuniwa ikafaa zaidi nchi ambazo mtu akifutwa kazi anapewa posho na Serikali akiwa anatafuta nyingine. Hapa hakuna posho hiyo. Kukaa bila kazi hata ya saa moja kwa wiki nzima ni anasa ya mtu anayelishwa na mwingine, ndiyo maana kiwango kiko chini huku watu wakilia. Kiwango hicho kikiwa chini, maana yake ni kwamba watu hawawezi kumudu kukaa bure, na hilo si la mtu kujisifia jukwaani.

Mtu akija tena na asilimia, mwulizeni ni ya umri gani, ya mwaka gani, waliokata tamaa wamo au hawamo, na aliyepata kibarua cha siku moja amewekwa upande gani. Akishindwa swali la pili tu, endeleeni kunyolewa.

*Mimi ni mwalimu, Kasarani. Tunaambiwa mwaka 2024 kulipatikana kazi zaidi ya 780,000. Wanafunzi wangu waliomaliza chuo wamekaa nyumbani. Kazi hizo ziko wapi?*

Mwalimu, namba hiyo ipo. Imo kwenye Economic Survey ya 2025, ripoti ambayo KNBS hutoa kila mwaka, sura ya ajira na mapato: kazi mpya 782,300. Shida ni kwamba wanaoisoma jukwaani huishia hapo, na sentensi inayofuata ndiyo inayokujibu wewe. Kati ya hizo, 703,700 ni za sekta isiyo rasmi, na 78,600 tu ni za sekta ya kisasa. Yaani tisa kati ya kumi ni jua kali. Wanafunzi wako wenye vyeti wanagombea ile moja, tena pamoja na waliomaliza mwaka juzi na mwaka wa juzi yake. FKE inakadiria vijana wanaoingia kwenye soko la ajira kila mwaka kuwa zaidi ya milioni moja. Gawanya mwenyewe ubaoni.

Makundi hayo mawili hayahesabiwi kwa njia moja. Kazi za sekta ya kisasa hutokana na waajiri wenyewe, kwa rekodi za mishahara, kwa hiyo unaweza kuziamini karibu hadi mamia. Za jua kali hukadiriwa, maana hakuna daftari la mshahara la mtu anayechoma mahindi Tom Mboya. Uchunguzi wa biashara ndogo wa 2016 uliona biashara zenye leseni milioni 1.56 na zisizo na leseni milioni 5.85. Makadirio si uongo, ila atakayekuapia hadi kazi ya mwisho kwamba ni 703,700 na si 690,000, huyo anakuuzia kitu.

Jambo jingine ni kwamba 782,300 ni tofauti ya jumla za miaka miwili, mwisho wa hesabu baada ya waliopoteza kazi kutolewa. Haisemi ni nani aliyezileta. Mama aliyefungua kibanda Zimmerman baada ya kampuni kumwachisha mumewe anaongeza moja upande wa jua kali. Serikali ikisema "tumeunda" kazi hiyo, inajipa sifa ya mama huyo. Upinzani nao ukisema hakuna kazi hata moja iliyopatikana, unamfuta mama huyo asubuhi akiwa amesimama kibandani pake. Na kumbuka kwamba hesabu hii haijumuishi wakulima wadogo wala wafugaji, kwa hiyo mtu akihama shamba kule Kitui akaja kusukuma mkokoteni Marikiti, kitabu kinaona kazi mpya mahali ambapo kilikuwa hakioni kitu.

Ukitaka hoja ya kumbana mtu yeyote wa Serikali kwa adabu, usibishane juu ya 782,300. Mwambie mwaka uliotangulia zilikuwa takriban 848,000, na ukuaji wa uchumi nao ukashuka kutoka asilimia 5.7 hadi 4.7. Na ukitaka kumbana wa upinzani, mwulize ni Serikali ipi iliyowahi kuwafanya jua kali wawe wachache kuliko walioajiriwa rasmi. Atafikiri kwanza.

*Nilifanya mjengo wa nyumba za bei nafuu wiki tatu, kisha foreman akatuambia twende nyumbani. Je, mimi ni mmoja wa wale "waliopata ajira" wanaotajwa?*
*Kibarua, Mukuru*

Kwa uwezekano mkubwa, ndiyo. Namba za kazi za mradi wa ujenzi kwa kawaida hukusanywa kutoka kwa makandarasi, na mkandarasi huhesabu majina yaliyoingia kwenye rejista ya saiti. Jina likishaandikwa halifutwi kwa kuwa mwenye jina ameondoka. Wakiingia 60 wakafanya siku 20, wakatoka, wakaingia 60 wengine, rejista inaonyesha 120 ingawa hakuna siku saiti ilikuwa na zaidi ya 60.

Wahandisi wana kipimo kizuri zaidi, siku-kazi. Watu 60 mara siku 20 ni siku-kazi 1,200. Mtu anayefanya siku sita kwa wiki mwaka mzima hufikisha kama 312. Gawanya: 1,200 kwa 312 hazifiki kazi nne za mwaka mzima. Hiyo haina maana kwamba ujira wako wa wiki tatu haukulisha mtu. Ina maana kwamba "watu 60 wamepata ajira" na "kazi nne" ni tukio moja. Mwanasiasa akitaja laki kadhaa za ajira kwenye nyumba hizi, swali la kuuliza ni hilo: ni majina au ni miaka ya kazi? Pia uliza kama amejumuisha mafundi wa jua kali wanaotengeneza milango na madirisha, maana hao ni kazi halali ingawa hawajawahi kukanyaga saiti.

Na lako wewe binafsi, achana na siasa kidogo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya siku mfululizo zinazofika mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haiwezi kwisha kabla ya miezi mitatu kwa jumla, anahesabiwa kuwa na mkataba wa kulipwa kwa mwezi, wenye haki ya notisi. Ndiyo sababu wengine huambiwa waende nyumbani wiki ya tatu, tena kwa sauti ya huruma. Andika tarehe ulizofanya kazi, weka jumbe za M-Pesa za malipo bila kuzifuta, na piga picha ya rejista ukipata nafasi. Bila hizo, ofisi ya kazi itakusikiliza tu na kukupa pole. Kima cha chini cha kibarua wa kawaida Nairobi kilichowekwa Novemba 2024 kilikuwa Sh16,113.75 kwa mwezi bila marupurupu ya nyumba.

*Ubishi wa ofisini: ushuru wa nyumba unaleta kazi au unaua kazi? Mshahara wangu ni Sh50,000.*
*Karani, Westlands*

Tuweke mshahara wako mezani, kwa viwango vya 2025. NSSF, akiba ya uzeeni, asilimia 6, Sh3,000. SHIF, bima ya afya, asilimia 2.75, Sh1,375. Ushuru wa nyumba, ule wa kujenga nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5, Sh750. Jumla Sh5,125. Tangu mwisho wa Desemba 2024 makato haya yote matatu hutolewa kwanza kabla ya kodi kuhesabiwa, kwa hiyo unaotozwa kodi ni Sh44,875: Sh24,000 za kwanza kwa asilimia 10, Sh8,333 zinazofuata kwa 25, na zilizobaki kwa 30. Hiyo ni Sh8,245.85. Ondoa nafuu ya Sh2,400 na PAYE yako, kodi ya mshahara, inakuwa Sh5,845.85. Unapeleka nyumbani Sh39,029.15. Hati yako ya mshahara ikionyesha PAYE kubwa kuliko hapo na huna marupurupu mengine, kosa la kawaida ni mhasibu kuhesabu kodi kwenye Sh50,000 nzima au kutoa NSSF peke yake. Mpelekee hesabu hii.

Mshahara huo huo Januari 2023, kabla ya ushuru wa nyumba na wakati NSSF ilikuwa Sh200 na NHIF, bima ya afya ya wakati huo, Sh1,200, ulikuachia Sh41,456.65. Umepungukiwa Sh2,427.50. Hapo upinzani hupiga makofi, lakini angalieni vizuri: NSSF peke yake imepanda kwa Sh2,800, na hiyo ni akiba yenye jina lako. Hapo Serikali nayo hupiga makofi, ila akiba ya uzeeni hailipi kodi ya nyumba tarehe tano, na Sh39,000 za leo si Sh39,000 za Januari 2023 ukifika sokoni.

Mwajiri wako naye analipa Sh3,000 za NSSF, Sh750 za nyumba na Sh50 za mafunzo ya viwandani. Unamgharimu Sh53,800 ili wewe uone 39,029. Kwa kampuni ya watu 200 wa mshahara kama wako, ushuru wa nyumba upande wa mwajiri ni Sh150,000 kwa mwezi. Hizo ni kama mishahara mitatu. Hilo ndilo dai la FKE, na lina uzito. Lakini Sh150,000 hazizamishwi Ziwa Victoria. Zikichanganyika na zile zenu Sh150,000 zinakwenda saiti, na pale zinalipa kibarua wetu wa Mukuru. Kinachobishaniwa hasa ni kazi ya aina gani imepotea na ya aina gani imepatikana. Ukiuliza wanaoenda saiti watakuambia moja, na maduka ya nguo ya Moi Avenue yatakuambia nyingine. Kwa maoni yetu ushuru huu hauui kazi kwa idadi kubwa kama inavyosemwa. Unazihamisha kutoka kwenye kazi za kudumu zenye mshahara mdogo hadi kwenye vibarua vya msimu, na malipo ya makandarasi yakichelewa hazifiki hata huko.

Kwa kumbukumbu tu, kwa wanaochanganya: ushuru wa kwanza ulikuwa wa Sheria ya Fedha ya 2023. Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba Novemba 2023. Unaokatwa sasa ni wa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya Machi 2024.

*Uchumi unakua, mfumko wa bei umeshuka, shilingi imeimarika. Mbona soko la Gikomba limelala?*
*Muuza mitumba*

Mfumko kushuka si bei kushuka. Oktoba 2022 bei zilikuwa zikipanda kwa asilimia 9.6 kwa mwaka, na Oktoba 2024 kwa 2.7. Gari limepunguza mwendo, halijarudi nyuma. Mteja wako bado ananunua unga na nauli kwa bei zilizokwisha panda, na nguo ndiyo ya kwanza kuahirishwa.

Shilingi ilitoka kama 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024 ikafika karibu 129 kabla mwaka haujafika katikati. Kwa beli lako hiyo ni nafuu ya kweli. Lakini ilisaidiwa na riba. Benki Kuu iliweka kiwango chake asilimia 13 kuanzia Februari hadi Agosti 2024, na hati za Hazina za siku 364, mkopo mfupi kwa Serikali, zikawa zinalipa zaidi ya 16. Jiweke kwenye kiti cha meneja wa benki: Serikali inakupa 16 bila wasiwasi wa kutolipwa, na hapa amekuja mtu wa Gikomba bila hati ya ardhi. Utamkopesha nani? Kiwango cha Benki Kuu kimeshuka tangu wakati huo, mwezi Aprili 2025 kikafika asilimia 10, ila benki hazina haraka ya kuteremsha riba kama zilivyokuwa nayo kupandisha.

Na kuna madeni ambayo Serikali Kuu haijawalipa walioiuzia bidhaa na huduma, zaidi ya Sh500 bilioni. Kila mzabuni anayedai ana wafanyakazi waliokuwa wanashuka Gikomba Jumamosi. Hili upinzani wanalisema kidogo mno, labda kwa sababu sehemu ya madeni hayo ni ya enzi zao.

*Tunawezaje kupata takwimu wenyewe, na kufikisha maoni kuhusu Mswada wa Fedha yakasomwa?*
*Kikundi cha vijana, Kariobangi Kusini*

Economic Survey na ripoti za nguvukazi ziko bure kwenye tovuti ya KNBS. Kama unachotaka hakijachapishwa, kwa mfano idadi ya siku-kazi za mradi fulani katika wadi yenu, andikeni barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Sheria inakubali Kiswahili waziwazi, msikubali kurudishwa kwa sababu ya lugha. Ombeni kitu kimoja kinachoshikika: "idadi ya wafanyakazi waliolipwa kila mwezi, Januari hadi Juni, na jumla ya siku walizofanya." Barua nyingi hufa kwa kuomba "habari zote kuhusu mradi." Ofisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kujiongezea 14 mara moja tu ikiwa habari ni nyingi. Mhakikishe nakala yenu imepigwa muhuri wa kupokelewa, la sivyo siku hizo hazina mwanzo. Mkikataliwa, mna siku 30 za kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ofisi ya Ombudsman.

Kwa Mswada wa Fedha, kalenda ni fupi: unafika Bungeni kufikia Aprili 30 na sheria huwa tayari kufikia Juni 30, kamati ikisikiza maoni katikati. Andikeni nambari ya kifungu, maneno mnayotaka yaondolewe, maneno ya kuwekwa mahali pake, na sababu kwa mistari mitatu yenye hesabu kama zile za karani wa Westlands. Maoni ya "tunakataa mswada wote" huingizwa kwenye jedwali kwa neno moja na kupitwa. Mwaka 2024 mswada wote ulikataliwa kweli, Rais akakataa kutia saini Juni 26, lakini ule haukuangushwa kwenye kamati, na waliolipia barabarani mnawajua.

*Mdadisi wa KNBS amekuja kwangu. Nikimwambia nauza chapati, habari haitafika kwa watu wa ushuru au kanjo, askari wa kaunti?*
*Mama, Kawangware*

Hapana, mama. Sheria ya Takwimu ya 2006 inakataza habari za mtu mmoja mmoja kutolewa nje ya kazi ya takwimu. Mwombe kitambulisho cha kazi kwanza, na asiulize nambari ya siri ya simu wala pesa yoyote. Akiuliza hivyo, si mdadisi. Kisha mtajie chapati, na zile nguo unazofua Jumanne pia. Akiuliza ungependa kufanya saa zaidi kama zingepatikana, usiseme "ni sawa tu" kwa adabu. Kama ungependa, sema ndiyo, kwa maana hapo ndipo wenye kazi isiyotosha wanapohesabiwa. Na akisema siku saba zilizopita, hesabu kuanzia jana kurudi nyuma.